Shajara ya mradi wa viti vya kangaruu, Morogoro

Jumapili, 4 Agosti 2024

Leo tumeanza rasmi. Binti yetu katimiza miaka miwili toka mwezi wa sita, na mke wangu alishasema tangu mwaka jana kwamba akifika miaka miwili akiwa mzima tunarudi kule wodi ya watoto njiti alikolazwa na haturudi mikono mitupu. Kwenye kikoba chake ameweka kidogo kidogo mpaka imefika laki nne, hizo ndo za kuanzia, zingine tutachangisha.

Kwa ambao hamtujui, binti yetu ni njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Alizaliwa Juni 2022 mimba ikiwa na wiki 29, gramu 1,080, ndo maana nyumbani mpaka leo tunamwita Kilo. Mama yake presha ilipanda ghafla, miguu imevimba, kichwa kinamuuma, anaona nyota nyota, tulivyofika hospitali daktari akasema kifafa cha mimba kinanyemelea na mtoto asipotoka tunaweza tukapoteza wote wawili. Akaanzishiwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, zinatakiwa nne, moja kila baada ya masaa 12, yeye alipata mbili tu presha ikagoma kushuka wakamwingiza kwenye upasuaji. Nilimuona mwanangu dakika kama moja hivi anapitishwa, mkono wake ulikuwa mwembamba kama kidole changu cha mwisho, kisha wakafunga mlango.

Tulikaa wodini siku 51. Sheria ya kazi wakati ule ilimpa baba siku 3.

Mpango wetu wa sasa ni kununua mashine ya joto, ile ya kioo ya kuwalaza watoto. Shemeji kaiona moja mtandaoni, imetumika lakini anasema ni nzima, wanataka milioni 6. Tumefungua grupu la WhatsApp, tupo 23 mpaka jioni hii.

Jumapili, 11 Agosti

Mpango wa mashine umekufa na namshukuru Mungu umekufa mapema kabla hatujachangisha hata shilingi.

Ijumaa nilienda kumuona nesi mkuu wa wodi, yule yule wa 2022, nikamweleza kwa furaha kabisa kwamba sista tunawaletea mashine ya joto. Hakunijibu, alinishika mkono akanipeleka store. Mashine tatu zimejipanga ukutani zimefunikwa shuka. Moja bodi imeungua umeme ulivyokatika ukarudi kwa nguvu, nyingine kipimajoto chake kimekufa na spea haipatikani nchini, ya tatu ni ya msaada, plagi yake na maelezo yake vyote vya lugha ambayo hakuna anayeisoma. Akaniambia, "Baba Kilo, mkileta ya nne nitaipokea kwa heshima na nitaiweka hapa hapa."

Nikamuuliza sasa tulete nini. Akasema twende uone mwenyewe.

Wodi ya kangaruu ilikuwa na akina mama tisa, na wanne kati yao wamekaa kwenye viti vya plastiki, vile vyeupe vya kwenye sherehe, watoto vifuani wamefungwa na vitenge, wawili wamefanyiwa upasuaji kwa hiyo hata kuegemea wanaogopa. Mmoja alikuwa anasinzia, kichwa kinaanguka mbele anashtuka anamshika mtoto, kinaanguka tena. Sista akasema mtoto anatakiwa kukaa kifuani masaa mengi iwezekanavyo kwa siku, yafike nane, kumi, zaidi ya hapo ndo bora, lakini wewe mwenyewe kaa kwenye kiti kile masaa mawili halafu uniambie. Wanamtoa mtoto kwa sababu mgongo umekataa, sio kwa sababu hawataki.

Hapa lazima nieleze kangaruu ni nini maana kwenye grupu wengi wameuliza. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi, kofia na soksi, anawekwa wima katikati ya matiti ya mama, miguu imekunjwa kama chura, ngozi kwa ngozi, halafu mnafungwa na kitenge mnakuwa kitu kimoja. Njiti hana mafuta mwilini, joto linamtoka haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza, na akipoa tu chini ya 36.5 matatizo yanaanza kufuatana, anasahau kupumua, sukari inashuka. Kifua cha mama kinamshikia joto, na mtoto akisikia mama anapumua naye anakumbuka kupumua. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi na mashine chache, wanalazwa wawili watatu kwenye mashine moja wanaambukizana, akaamua kuwarudisha kwa mama zao. Na sio dawa ya maskini kama mmoja alivyoandika kwenye grupu. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika kwenye hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa hapa Tanzania, majibu yakatoka 2021, watoto walioanzishwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 25 ukilinganisha na waliosubirishwa mpaka watulie kwanza. 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo, kangaruu ianze mapema kabisa.

Kwa hiyo mashine bora kuliko zote iko pale imekaa kwenye kiti cha plastiki inasinzia kwa uchovu, na hakuna anayeichangia.

Orodha ya sista, niliiandika pale pale:
viti 6 vya kuegemea, visivyo vya kitambaa
sensa 4 za mguuni za kupimia oksijeni, saizi ya watoto wachanga (mashine zipo, sensa zimekufa)
kofia 100 za sufu
vitenge vipande 60
mapazia na reli zake

Mapazia niliyaomba mimi. Nitaeleza siku nyingine.

Jumapili, 1 Septemba

Bajeti mpya ni 2,640,000 pamoja na nauli, chini ya nusu ya ile ya mashine. Mchango wa kwanza wa grupu 386,500, jumla tuna 786,500. Watu wawili wametoka kwenye grupu, mmoja kaniandikia kwamba yeye alijitolea kwa ajili ya mashine na viti ni kitu kidogo. Nimemrudishia hela yake yote na hata hasira sina naye, kwa sababu mwezi mmoja tu nyuma na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo, mashine inapigwa picha vizuri, kiti hakipigwi picha.

Mama mkwe anauza vitumbua kila Jumapili baada ya misa, faida yote ya mradi. Ana miaka 67. 2022 yeye ndo alikuwa analala kwenye mkeka nje ya wodi wiki tatu akipika uji kwa jirani wa hospitali.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimepanda treni ya SGR asubuhi kwenda Dar kutafuta sensa Kariakoo, elfu 13 kwenda, elfu 13 kurudi. Nimepata mbili, 154,000 kila moja, juu kidogo ya bajeti. Nawaandikia wengine watakaofanya kitu kama hiki: usiende dukani na jina la mashine tu. Sista alinipa sensa iliyokufa nikaenda nayo mfukoni, na kweli duka la kwanza wakanipa inayofanana kabisa kwa macho lakini pini zake zimepangwa tofauti, ningefika nayo Moro isingeingia. Nimezunguka maduka manne.

Kwa nini sensa ni muhimu hivyo, kuna mtu kauliza. Njiti akipewa oksijeni kidogo ubongo unaumia, akipewa nyingi kupita kiasi mishipa ya macho inaota vibaya na anaweza kupofuka. Bila kile kitaa chekundu mguuni nesi anakisia. Kilo alikuwa kwenye sipapu (CPAP) ya kumsaidia kupumua siku 6, ni mpira mdogo puani na upande wa pili unaishia kwenye chupa ya maji inayotoa mapovu, mapovu ndo yanayoonesha kuna mgandamizo wa hewa unaozuia vifuko vya mapafu visijifunge. Siku zile sita macho yangu yalikuwa sehemu mbili tu, mapovu na namba ya oksijeni. Mapovu yakinyamaza nilikuwa naita nesi kabla hata ya kengele.

Jumatano, 2 Oktoba

Fundi seremala amepewa nusu, 540,000, kwa viti 6 vya 180,000. Vitumbua mpaka sasa vimeleta 94,000.

Jumapili, 13 Oktoba

Hii wiki imekuwa mbaya. Kuna mtu alichukua tangazo letu lenye picha ya mguu wa Kilo wa 2022, akafuta namba yetu ya kupokelea akaweka yake, akalisambaza kwenye magrupu mengine. Tumegundua baada ya dada mmoja kunipigia kunishukuru na kuniuliza kama elfu 20 yake imefika, nikaangalia, haipo. Mke wangu alilia sana, sio kwa sababu ya hela, kwa sababu ya ile picha. Ule mguu tuliupiga picha siku ya nne, siku ambayo tuliambiwa tujiandae.

Tumeripoti polisi na kampuni ya simu. Elfu 20 ya yule dada tumeihesabu kama imeingia, tumeitoa mfukoni kwetu. Toka siku tuliyogundua picha ya mtoto haitumiki tena kwenye matangazo, na kila jioni saa 2 mweka hazina anatuma skrinshoti ya salio na risiti zote kwenye grupu, hata kama siku hiyo hakuna kilichoingia. Nilidhani watu watakimbia lakini imekuwa kinyume chake, tangu tuanze kutuma salio watu wameongezeka, wiki hii peke yake laki na elfu 31.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kiti cha mfano kimetoka. Nimekipeleka wodini kwa bajaji na fundi mwenyewe akaja, nilimlazimisha aje, nikamwambia fundi hiki kiti sio cha sebuleni.

Mama mmoja mwenye mtoto wa gramu 1,300 akakubali kukikalia. Mgongo umelala vizuri, kinaegemea kama nusu nusu, hajalala hajakaa, ndo inavyotakiwa ili mtoto asibanwe shingo. Lakini sehemu ya kuwekea mikono ilikuwa juu mno, viwiko vyake vikapanda, mabega yakapanda, kitenge kikalegea na mtoto akaanza kuteleza pembeni. Sista akamuwahi. Fundi alisimama kimya, akatoa futi akapima kiwiko cha yule mama, akapima na cha wengine watatu kwa ruhusa yao, akaandika kwenye kipande cha mbao. Halafu akasema mke wake alijifungua mtoto wa miezi saba 2009, hakuishi. Alikuwa hajaniambia hilo tangu tuanze kazi.

Mabadiliko: mikono ishuke sentimita 7, pawepo na pa kuwekea miguu, leksini ishonwe bila mikunjo maana mikunjo inaficha uchafu na wao wanafuta kwa dawa ya klorini kila siku, misumari yote ifunikwe. Hataongeza bei.

Jumapili, 10 Novemba

Kofia zimefika 100. Zimefumwa na akina mama wa jumuiya mbili na majirani wa Kiislamu wa mtaa wa pili, sisi tumenunua uzi tu, 170,000. Saizi ngumu kuliko zote ni ile ya kichwa cha chungwa, wengi walifuma kubwa wakafumua. Michango ya Oktoba yote kwa jumla 212,000, sasa tumekusanya 1,092,500. Zilizobaki bado ni nyingi.

Jumapili ijayo ni tarehe 17 Novemba, siku ya watoto njiti duniani, tunapanda mlimani Morningside, kwenye milima ya Uluguru. Kila mtu 15,000 na kipande chochote cha nguo ya zambarau, rangi ya siku hiyo. Hatuchapishi tisheti, hela ya tisheti ni kiti kimoja.

Jumapili, 17 Novemba

Jana asubuhi ghorofa limeanguka Kariakoo na mpaka tunaanza kutembea watu walikuwa bado wanatolewa. Usiku tulijadiliana kama tuahirishe. Mwenzetu mmoja mdogo wake anafanya biashara mitaa ile ile na alikuja kupatikana kwenye simu saa 7 mchana, yeye ndo akasema twende lakini tuanze kwa kuwaombea. Tumesimama kimya pale chini karibu na Boma, mchungaji akaomba, shehe akaomba, tukaanza kupanda.

Tulikuwa 41. Mvua ilinyesha usiku, njia inateleza, tunapishana na akina mama wanaoshuka na mboga na stroberi vichwani wao wala hawatelezi. Mke wangu alipanda mpaka juu kwa miguu yake, na mimi nilikuwa nyuma yake namwangalia nikikumbuka siku ambayo hakuweza kushuka kitandani kwenda kumuona mtoto. Kilo alibebwa mgongoni na mjomba wake nusu ya njia, nusu nyingine alikataa kubebwa.

Pale juu kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani nikaombwa niseme neno, ndo nikaeleza habari ya mapazia. Siku ya tatu baada ya upasuaji mke wangu alikuwa bado yupo kwenye uangalizi, presha haijashuka, na Kilo ametoka gramu 1,080 amefika 960. Kupungua mwanzoni ni kawaida lakini alikuwa pia anapoa. Sista akanifuata nje akaniambia, "Baba, vua shati." Wodi ya kangaruu akina mama wako wazi vifua, mwanaume huwezi kuingia ukakaa pale, kwa hiyo wakaniweka kwenye kijistoo cha shuka, kiti cha plastiki, mlango umeegeshwa, wakamlaza mwanangu hapa kifuani. Nilikuwa naogopa hata kumeza mate. Baada ya kama nusu saa mkono wake ukafunguka ukashika nywele za kifuani. Sista alikuja kumpima, 36.7. Nilikaa pale masaa matano, na siku iliyofuata, na nyingine, siku tisa mpaka mama yake alipoweza. Kazini nilikuwa nimeshamaliza zile siku 3 zangu, nikachukua likizo ya mwaka yote.

Sasa wangapi wana mke aliyepo kwenye uangalizi au aliyefariki na hawaambiwi vua shati kwa sababu hakuna pa kuwaweka? Pazia moja na reli yake linatosha kumpa baba kona. Ndo hicho tu nilichosema.

Hesabu ya leo: 615,000 za washiriki. Gharama za maji, ndizi na waongoza njia 138,000.

Alhamisi, 21 Novemba

Ahadi zilizotolewa pale mlimani zimeanza kuingia na zimeendelea kuingia mpaka leo, 1,030,000!! Jumla kuu 2,737,500. Kuna baba mmoja hatumjui katuma laki 2 na ujumbe wa maneno mawili, "kwa ajili ya pazia". Mke wangu kanisomea huo ujumbe mara tatu.

Jumamosi, 30 Novemba

Sensa mbili za mwisho zimekuja, safari hii duka lile lile limezituma kwa basi mpaka stendi ya Msamvu bila kutoza hela ya usafiri. Vitenge vipande 60 vimenunuliwa Soko Kuu, 360,000, vimefuliwa vyote mara mbili na kupigwa pasi maana vipya vina dawa na vinateleza.

Jumamosi, 14 Desemba

Tumekabidhi.

Hakukuwa na kamera, sista aliomba hivyo na sisi tulikuwa tumeshakubaliana hivyo. Tuliingia watu wanne tu, tukanawa mikono, tukavaa makoti. Viti sita vimewekwa ukutani upande wa dirisha, mapazia mawili kwenye kona, fundi alikuwa ameshafunga reli tangu Alhamisi, 295,000 badala ya 320,000 tulizopanga.

Yule mama wa kiti cha mfano alishatoka, mtoto alifika 1,850. Wamekuja wengine. Mmoja ana mapacha, alikaa, sista akamfungia wote wawili kifuani kwa kitenge kimoja kipana, akaegemea, na ndani ya dakika kumi wote watatu wamelala. Watu tukawa tunanong'ona. Mke wangu alisogea akamwekea mto mdogo chini ya kiwiko bila kumwamsha, akakaa pembeni yake kwenye kitanda akimwangalia mpaka muda wetu ukaisha, nikamgusa bega tukaondoka.

Hesabu ya mwisho niliyoituma kwenye grupu: viti 1,080,000, mapazia 295,000, sensa 616,000, uzi 170,000, vitenge 360,000, matembezi 138,000, nauli na boda 36,000. Imetumika 2,695,000. Imebaki 42,500.

Jumapili, 19 Januari 2025

Grupu limekubaliana salio liende kwenye nauli. Wale mapacha wanatakiwa kupimwa macho, kile kipimo kinachotakiwa kufanyika kama wiki ya nne baada ya kuzaliwa kwa walioletwa duniani mapema sana, na wao wamepewa rufaa ya Dar, mama hana nauli na baba yao yuko shambani Kilosa. 26,000 kwenda na kurudi. Imebaki 16,500. Kilo na yeye alichelewa kupimwa, sisi hatukujua kama macho yanapimwa, tulienda wiki ya tisa na tulikuta yako salama, lakini kuna familia tuliyokuwa nayo wodini ambayo haikukuta hivyo.

Jumapili, 2 Machi 2025

Mapacha wamepimwa, macho mazima wote wawili. Mama yao katuma sauti ya dakika nne, zaidi ya nusu ni mmoja wao analia kwa nguvu na yeye anasema msikilizeni, msikilizeni.

Jingine, sheria za kazi zimerekebishwa mwaka huu, mama aliyejifungua njiti anaongezewa likizo mpaka zile wiki 40 za ujauzito zitimie. Kwa mke wangu zingekuwa wiki 11. Yeye zile siku 84 za likizo ya uzazi, 51 ziliishia wodini, akarudi kazini Kilo akiwa na kilo mbili na nusu. Tuliisoma hiyo habari jikoni, akasema tu, "wiki kumi na moja", akaendelea kukatakata mchicha.

Nimepita wodini Ijumaa. Pazia la kona lilikuwa limefungwa, chini naona viatu vya kiume, sikuuliza. Sista kanionesha kiti namba 4, mguu wa nyuma umeanza kulegea, nimeahidi kumpeleka fundi kesho saa 3 asubuhi kabla wodi haijajaa.